Kabla ya kuuza gunia kulipia wasifu wa kijana

MWAKA 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilipotangaza nafasi 1,596 za ajira, waombaji walikuwa zaidi ya 135,000. Ukigawanya, kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 80. Miongoni mwao wamo watoto wa wakulima na wafanyabiashara wadogo, waliosomeshwa kwa fedha za mahindi, pamba, korosho na genge la mboga.

Msongamano huo umekuza biashara ya kuandika wasifu, au CV kama wengi tunavyoita, kwa malipo. Waandishi wake wapo kwenye steshenari jirani na stendi, na wengine hujitangaza kwa simu. Kijana hupiga simu nyumbani baada ya mavuno, na mzee huombwa fedha. Swali la kiuchumi ni je, fedha hiyo inarudi?

Tuchukue mfano. Gunia la mahindi linauzwa sh 60,000 na mwandishi wa wasifu anataka sh 30,000. Nusu gunia imekwenda. Si fedha nyingi kama itamfikisha kijana kwenye usaili. Lakini ni hasara tupu kama atapewa karatasi inayofanana na za wenzake, majina tu ndiyo yamebadilishwa.

Kwanza tuelewe mtaalamu anauza nini. Anauza mpangilio, hauzi sifa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma humtaka mwombaji aambatanishe maelezo binafsi yanayojitosheleza, vyeti na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Huonya pia kuwa hati za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazipokelewi badala ya vyeti. Asiye na cheti kinachotakiwa hataokolewa na wasifu uliopambwa kwa rangi.

Basi msaada unafaa wapi? Unafaa katika kuuliza. Kijana mwenye stashahada ya kilimo huandika kuwa yeye ni "mchapakazi anayejituma". Kila mtu huandika hivyo, na mwajiri haambulii kitu. Mtaalamu mzuri atamuuliza likizo alikuwa akifanya nini. Kijana atajibu kwa aibu kuwa alikuwa shambani kwa baba. Ekari ngapi? Nani aliandika malipo ya vibarua? Nani alitafuta mnunuzi?

Mwisho wa maswali hayo, wasifu utasomeka hivi: "2022 hadi 2024: Nilisimamia ekari 3 za alizeti za familia, nilitunza daftari la pembejeo na malipo ya vibarua 6, na niliuza mavuno kwa wenye mashine za kukamua mafuta." Hapo mwajiri wa kampuni ya mbegu amepata cha kuuliza. Kijana naye anacho cha kujibu, kwa sababu ni kweli.

Hata hivyo, wapo waandishi wanaoongeza chumvi: kazi ambayo hukuifanya, kozi ambayo hukuisoma. Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki iliyobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na akaagiza waondolewe kazini. Aliyekuuzia uongo hatakuwapo siku ya uhakiki. Jina lililo kwenye karatasi ni la mwanao.

Aidha, wadhamini wasichukuliwe kwa ukubwa wa vyeo. Mbunge asiyemfahamu kijana hana la kusema akipigiwa simu. Mwalimu wake wa chuo, afisa ugani aliyemwona shambani au katibu wa chama cha ushirika aliyefanya naye kazi ana la kusema. Waombwe ruhusa kwanza.

Kabla ya kulipa, mzazi na kijana wakubaliane na mwandishi mambo manne. Kwanza, akae na kijana na kumuuliza, si kupokea vyeti tu. Pili, akabidhi faili lenyewe ili kijana alirekebishe kwa kila kazi anayoomba. Tatu, akaunti ya maombi ifunguliwe kwa barua pepe na namba ya simu ya kijana, na neno la siri alijue yeye. Wapo waliokosa wito wa usaili kwa kuwa ulikwenda kwenye barua pepe ya mwenye steshenari. Nne, asiahidi kazi. Anayedai fedha ili "akupitishe" ni tapeli.

Tena, kabla ya kufungua pochi, jaribuni msaada usiouzwa. Huduma ya ajira ya serikali, TaESA, huwafundisha watafuta kazi kuandika wasifu na kujiandaa kwa usaili. Walimu wa chuo alikosoma nao waulizwe.

Mkulima hanunui mbegu kwa kutazama rangi ya pakiti. Huuliza imepimwa wapi na itaota lini. Wasifu wa mwanao nao uulizwe hivyo hivyo kabla ya gunia kutoka ghalani.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi kilimo.