Macho ya Manjano Siyo Kitu cha Kuzoea

Katika nyumba nyingi za Kongo yuko mtoto mwenye ugonjwa wa damu unaoitwa SS. Alizaliwa nao, maana baba na mama wote wawili walimpa. Chembe za damu yake huvunjika upesi, kwa hiyo macho yake huwa ya manjano mara kwa mara, na jamaa wamekwisha kuzoea. Mimi naona mazoea hayo ni hatari, zaidi siku mtoto anapoanza dawa za kifua kikuu.

Dawa hizo ni njema. Isoniazidi imesaidia wagonjwa wa kifua tangu mwaka 1952. Lakini isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zinaweza kuumiza ini, na ini la mtu wa SS mara nyingi limekwisha kupata taabu. Mtu mwingine akigeuka manjano, nyumba yote inashtuka. Kwa mtoto wa SS nani atashtuka? Hata mkojo hautusaidii sana, kwani rifampisini yenyewe huutia rangi nyekundu.

Basi mama, usitazame rangi tu. Je, anakataa chakula alichopenda? Anatapika? Analegea kuliko desturi yake? Anaumwa upande wa kuume chini ya mbavu? Manjano ya leo yamezidi yale ya juma lililopita? Mlete siku hiyohiyo, usingoje siku ya kuchukua dawa. Wala usiziache dawa kwa siri, maana vidudu vya kifua vitajifunza kuzishinda. Daktari atapima damu, na ikilazimu atazisimamisha mwenyewe, kisha atazirudisha moja moja. Mwuguzi anayejibu, "Ndiyo macho yake ya siku zote," bila kupima, hajafanya kazi yake.

Najua jamaa wengi huficha SS kwa kuogopa maneno ya majirani na habari za ndoa. Lakini daktari akiambiwa mapema, atapima ini kabla ya kidonge cha kwanza, apate cha kulinganisha baadaye. Muuza dawa wa sokoni hatauliza. Naye huuza amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, ambayo inaweza kuleta manjano hata majuma machache baada ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo utaje dawa zote mtoto alizomeza, hata za sokoni, hata zilizokwisha.