Punda Afe, Mzigo Ufike

Mwezi jana rafiki yangu tuliyesoma naye chuo alikuja Isiolo kumzika mjomba wake. Jioni akapita kwangu, akanikuta nikiandika. Akaitazama laptopu yangu, akacheka kicheko cha kwanza tangu afike.

"Maze, kwani bado unatumia hili jiwe?"

Jiwe lenyewe ni ThinkPad T430, toleo la 2012. Nililinunua mtumba Nairobi mwaka 2019, nikiwa bado mwanafunzi. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipokataa kuingia, lakini laptopu haikuniacha. Bawaba moja imelegea na herufi ya M lazima uifinye kwa hasira. Kila makala niliyowahi kulipwa nimeiandika humo.

Sikumjibu. Alikuwa mgeni, tena na msiba. Namjibu hapa, na wengine wote wanaonicheka kwa ajili ya hii mashine.

Kwanza, tuache kuita kila kitu "kizee". Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma za kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa jumla zilitoka kuanzia mwaka 2017 na kuendelea. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya hapo zilikuwa zinafanya kazi tarehe 13, na tarehe 15 zilikuwa bado zinafanya kazi vilevile. Kibodi ilikuwa ile ile na skrini ile ile. Hizo hazikuzeeka, zilifutwa kazi. Sisi huku, tunaonunua zile ambazo ofisi za Ulaya zimeshazichoka, ndio tunaambiwa tununue tena.

Mimi sikununua tena. Fundi mmoja nyuma ya soko alinitolea diski ya zamani, ile inayozunguka, akaweka SSD. Akaongeza memori kutoka gigabaiti nne hadi nane. Akafungua feni, akatoa vumbi la Isiolo lililokuwa limeshikana kama blanketi, akapaka dawa mpya ya kupooza prosesa. Nikapakua Linux Mint usiku, karibu gigabaiti tatu, bure, halali, na masasisho ya usalama yanakuja kila wiki. Gharama yote haikufika elfu sita. Sasa inawaka kabla chai haijapoa, wakati zamani ningemaliza kikombe kizima nikingoja.

Fundi akanipa na somo moja ambalo hakunitoza. Aliona natumia laptopu bila betri, imechomekwa tu ukutani. Akaniuliza, "Ndugu yangu, stima ikipotea ukiwa unaandika?" Nikamwambia nawasha tena. Akatikisa kichwa. Betri, hata inayokaa dakika ishirini pekee, inakupa nafasi ya kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Mashine ikikatika ghafla diski ikiwa katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika, na ukirudia mara nyingi, mfumo mzima. Katika mji ambao stima hupotea bila kubisha hodi, betri si ya kubebea laptopu mkahawani. Ni ya kulinda kazi yako.

Kwa hiyo mashine kuukuu naitetea, na nitaitetea tena. Lakini hasira yangu hasa haiko kwa kampuni wala kwa rafiki yangu. Iko kwetu sisi watu wa majiwe, tunaojisifu kwamba laptopu yangu imekula miaka kumi, imeanguka mara tatu na bado inapiga kazi. Tunamsifu punda, mzigo hatuuangalii.

Mwaka 2021 nilikaa na nyanya yangu, Akko kama tunavyomwita, nikamrekodi. Saa kumi na moja kwa jumla, vipande vipande, kuku wakiingilia kati. Alinisimulia Gaafa Daaba, kama Waborana wa Waso wanavyoviita vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Wakati huo familia zilikusanywa kwenye kambi, mojawapo ikiwa Garba Tulla, na mifugo ikapotea mbele ya macho ya wenyewe. Alitaja ng'ombe kwa majina. Alitaja watoto waliokufa, nao kwa majina. Baadhi ya majina hayo sijawahi kuyaona yameandikwa popote.

Akko alifariki Januari 2022. Aprili mwaka huohuo, diski ikaanza kutoa sauti, tik, tik, kama mtu anayegonga jino kwa kucha. Sauti hiyo ni onyo. Ukiisikia, zima mashine, usiendelee kuilazimisha. Mimi nililazimisha. Niliwasha na kuzima siku nzima, na jioni ikanyamaza kabisa. Fundi wa kuokoa data Nairobi aliniambia elfu arobaini, bila kuniahidi kitu. Wakati huo elfu arobaini ilikuwa kodi yangu ya miezi kadhaa. Diski ipo hadi leo ndani ya kopo la maziwa, imefungwa kwa kitambaa.

Kilichobaki ni dakika nne. Niliwahi kumtumia binamu yangu wa Moyale kipande kimoja kwa WhatsApp kwa sababu Akko alikuwa amemtaja kwa utani. Yeye alikihifadhi, mimi sikuwa nimehifadhi chochote. Sauti pekee iliyookoka ni ile niliyoitoa.

Kinachoniuma ni kwamba nilipaswa kujua. Mimi ni mjukuu wa wafugaji. Babu yangu hakuwahi kuweka ng'ombe wake wote katika boma moja. Wengine walikaa naye, wengine malisho ya mbali, na wengine aliwapa ndugu wa ukoo kwa dabare, ule mkopo wa mifugo ambapo ndugu anakunywa maziwa na wewe unabaki mwenye ng'ombe. Sehemu moja ikipigwa na ukame au wezi, nyingine inabaki. Mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, kila mtu huku aliona tofauti kati ya aliyetawanya na aliyerundika.

Miaka mingi baadaye mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni ambayo watu wa kompyuta wanaiimba: nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Babu angeisikia angeuliza kama huyo bwana anafuga.

Basi mtu ataniambia, si uweke tu mtandaoni, yaishe? Nikubali kabisa: ingeniokoa. Rekodi za Akko zingetosha kwenye gigabaiti kumi na tano za bure ambazo Google humpa kila mwenye akaunti. Sababu yangu ya kutoziweka ilikuwa bando, na bando ni kisingizio, kwa sababu bando la kutazama mpira sikulikosa. Lakini boma la mtandaoni ni boma moja tu. Ukisahau nywila, au simu yenye namba yako ikaibwa, umefungiwa nje ya nyumba yako mwenyewe. Na usiku wa 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilipoingia giza, faili zilizokuwa mezani kwangu zilikuwa na maana kuliko zilizokuwa mbali. Weka mtandaoni, ndiyo. Usiweke huko peke yake.

Mwingine atasema najitetea tu kwa sababu sina pesa ya laptopu mpya. Kweli, sina. Lakini laptopu mpya nayo huibwa kwenye matatu, humwagikiwa chai, na SSD yake hufa kimya bila hata ile tik ya kukuonya. Jiwe lenye nakala tatu ni salama kuliko mashine ya laki moja isiyo na nakala hata moja. Upya wa mashine haulindi chochote kilicho ndani yake.

Wala hili si la waandishi peke yetu. Ingia saiba yoyote mjini. Barua za basari za mtaa mzima, CV, vyeti vilivyoskaniwa, hati za vikundi vya akina mama, vyote kwenye kompyuta moja chini ya meza, karibu na ndoo ya maji. Siku hiyo diski ikifa, mtaa unaanza upya. Muulize mwenye saiba nakala ziko wapi. Muulize kwa heshima, lakini muulize.

Kazi yenyewe ni ndogo. Ijumaa baada ya alasiri nachomeka diski ya nje, nakopi kila kitu, naichomoa na kuiweka mbali na laptopu, kwa sababu mwizi akiingia atabeba vyote vilivyo pamoja. Maandishi ni mepesi mno, riwaya ya kurasa mia tatu haifiki megabaiti moja, kwa hiyo hayo yanakwenda mtandaoni siku hiyohiyo. Flashi za barabarani siziamini hadi nizijaze na kuzisoma tena, maana kuna zinazodanganya ukubwa. Na kila mwezi nafungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala kuhakikisha zinafunguka. Nakala usiyoifungua huna uhakika kwamba unayo.

Rafiki yangu, turudi kwako. Usiku ule ulikaa kwangu hadi saa sita ukitafuta picha ya mjomba kwa ajili ya programu ya mazishi. Laptopu yako ya mwaka huu haikuwa nayo. Simu ya zamani iliyokuwa nayo ulisema iliibwa. Mwishowe tukakata uso wake kutoka kwenye picha ya harusi ya watu kumi na wawili, na ukauona jinsi ulivyokuwa na ukungu. Sikukucheka.

Mimi nimeanza kumrekodi mdogo wake Akko, wa mwisho aliyebaki. Tuko saa ya tatu. Anakumbuka baadhi ya wale ng'ombe. Majina ya watoto bado hayajafika, na simharakishi. Nakala moja iko kwenye jiwe, moja kwenye diski ya nje, moja mtandaoni. Ya nne iko kwenye flashi Moyale, ndani ya kabati la binamu yangu.