Tener na Mbuyu wa Kiingereza

Wapo washikiliao kwamba Kihispania hakifundishiki ila kwa kupitia Kiingereza. Ndivyo Mswahili anavyorithi kosa lisilo lake, akaandika «soy veinte años», yaani «mimi ni miaka 20», kwa kuwa Mwingereza huufanya umri kuwa sifa ya mtu. Laiti angeachiwa lugha ya mamaye! Tengo veinte años: nina miaka 20. Tengo hambre: nina njaa. Tengo, tienes, tiene. Nina, una, ana. Tenemos, tenéis, tienen. Tuna, mna, wana. Nafsi imo kitenzini, kule mwishoni, huku mwanzoni. Kinachosalia ni kukariri ile «g» ya tengo na ile «ie» ya tienes. Ya nini basi kumzungusha mwanafunzi mbuyu, ilhali mlango u wazi?