Muvi ya Bure Inalipwa na Nani?

Wasee, kila nikiongelea wizi wa muvi za India mtandaoni, kuna mtu lazima aseme: "Achana nao, mastaa wako na doo." Shida ni kwamba staa si yule anayeumia. Yeye huwa ameshalipwa.

Anayeumia ni msambazaji. Chukua muvi ya Kitelugu. Haki zake zinauzwa kwa maeneo: Nizam, yenye Hyderabad ndani, Ceded kule Rayalaseema, halafu Andhra. Msambazaji wa kila eneo mara nyingi analipa kabla tiketi hata moja kuuzwa, akitegemea wiki ya kwanza irudishe pesa. Muvi ikitoka asubuhi na jioni iko Telegram, hiyo hasara ni yake. Muvi za Kimalayalam ziko pabaya zaidi, maana soko lao kubwa ni Kerala pekee na Wamalayali walio Ghuba. Wakikosa hapo, hakuna jimbo lingine la kuwaokoa.

Najua mtaniletea Attarintiki Daredi. Ni kweli, mwaka 2013 karibu dakika 90 zake zilivuja kabla itoke, ikabidi itolewe mbio, na bado ilijaza kumbi. Lakini hiyo ilikuwa na Pawan Kalyan! Muvi ya dairekta mgeni ikivuja, inazama kimyakimya, ndiyo maana hakuna anayeitaja.

Sheria nayo? Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru tovuti zaidi ya 12,000 zifungwe ili kulinda muvi ya 2.0. Ikavuja siku ileile ilipotoka. Mwaka 2023 India ikaongeza makali: jela hadi miaka 3, na faini inayoweza kufika asilimia 5 ya gharama ya kutengeneza muvi. Poa, lakini kumbuka Premam ya 2015: nakala iliyovuja ilikuwa ile ya bodi ya sensa. Unafunga geti na mwizi yuko sebuleni.

Mimi niliacha uni, lakini hesabu hii haihitaji digrii. Wafunge kwanza mianya ya ndani, halafu muvi zifike miji midogo mapema na kwa bei ya watu wa kawaida. Na wewe mpenzi wa muvi za South, lipia angalau zile ndogo. Staa atapata kazi kesho. Dairekta mgeni akianguka, msambazaji hamchukui tena, na wewe utabaki na muvi zilezile za mastaa walewale.