ELIMU ISIONDOKE NA TRENI

Watu wa Mpanda hawana haja ya kufundishwa maana ya mali kuondoka. Reli ya kutoka Kaliua, ambayo ilifika kwetu mnamo mwaka 1950, Serikali ya kikoloni haikuijenga kwa ajili ya abiria wala kwa ajili ya mpunga wa Mpimbwe. Iliijenga kwa ajili ya risasi ya machimbo ya Uruwira. Kwa muda wa miaka kama kumi mabehewa yalijazwa madini, yakaenda Tabora, kisha pwani, na mali yenyewe ikavuka bahari. Mgodi ulipofungwa, mnamo mwaka 1960, wenyewe walifunga virago wakaenda zao. Sisi tulibakiwa na mashimo na reli.

Hatuyataji mambo haya ili tulie juu ya yaliyopita. Twayataja kwa sababu leo Katavi ina machimbo mengine, nayo ni machimbo ya elimu. Twataka tuulize mapema: mali yake itakwenda wapi?

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoundwa mwaka 1984 pale Morogoro, sasa kina tawi katika mkoa wetu, nalo ni Kampasi ya Mizengo Pinda, huko Mpimbwe. Miongoni mwa masomo yanayofundishwa hapo ni ufugaji wa nyuki na kazi ya kuongoza watalii, mambo ambayo mtu wa Inyonga au wa Sitalike anayaelewa bila kueleweshwa. Chuo hicho ndicho chenye Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1991 ili iwe maktaba ya kilimo ya nchi nzima. Kadhalika kimefungua ghala ya maandishi katika intaneti, iitwayo SUAIRE, ambamo mtu aliye mbali aweza kusoma kazi za watafiti wake bila kupanda basi kwenda Morogoro. Tena chuo hicho ni kimojawapo cha vyuo vilivyoingizwa katika mradi wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia. Mkopo maana yake ni deni, na deni hilo atalilipa mkulima.

Haya ni maendeleo, na sisi twayasifu. Lakini wako wasemao kwamba mkoa ambao watoto wake bado wanabanana darasani hauna haja ya chuo kikuu wala maktaba yake. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo. Mwezi Oktoba 1961, kabla bendera yetu haijapanda, Chuo Kikuu kilianza Dar es Salaam ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Chama kilitoa nyumba yake. Wazee wale hawakungoja mpaka kila mtoto apate dawati. Walijua kwamba nchi isiyo na wataalamu wake itakwenda kuwaazima kwa jirani, na mwazimaji hachagui.

Tena haja yenyewe iko mbele ya macho yetu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 mkoa huu, uliokuwa umezaliwa mwaka ule ule, ulikuwa na watu 564,604. Mwaka 2022 walihesabiwa 1,152,958. Watu wameongezeka maradufu, lakini ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Mkulima, mfugaji na Hifadhi ya Taifa wote wanautazama Mto Katuma ule ule. Maji yakizuiwa huku juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga, wakati wa kiangazi viboko kule chini husongamana katika matope. Mkulima naye ana watoto wa kulisha. Ugomvi wa namna hii hauishi kwa amri peke yake. Yahitajiwa watu watakaopima maji mwaka baada ya mwaka, wakaandika, na wakatuambia shamba lipi laweza kumwagiliwa kwa maji kiasi gani. Huo ndio utafiti.

Basi ubaya uko wapi? Ubaya ni pale mtafiti anapokuja kijijini, akaketi mkekani, akauliza maswali mia, mama akaacha jembe lake kumjibu, kisha akaondoka asionekane tena. Majibu ya mama yule huchapwa kwa Kiingereza katika gazeti la wataalamu, mtafiti akapata cheo, na kijiji kisijue hata kwamba kimeandikwa. Hiyo ni risasi ya Uruwira kwa mara ya pili! Tofauti ni kwamba safari hii haihitaji behewa.

Wala msituambie kwamba haiwezekani kufanya vingine. Historia ya Wapimbwe iliandikwa na Peter Mgawe pamoja na watafiti wa kigeni, Monique Borgerhoff Mulder na Tim Caro, ikatolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Kijana wa Mpimbwe aweza kusoma habari za babu zake kwa Kiswahili. Kama jambo hilo liliwezekana kwa historia, kwa nini lisiwezekane kwa mbegu, kwa nyuki na kwa maji?

Kwa hiyo twasema mambo matatu. Kwanza, maktaba ya kampasi iwe na mlango ulio wazi kwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa bwana shamba na kwa katibu wa chama cha ushirika, si kwa mwenye kitambulisho cha mwanafunzi peke yake. Pili, kila utafiti unaofanywa Katavi uache muhtasari wake kwa Kiswahili katika maktaba hiyo, na usomwe katika mkutano wa kijiji kilichotoa majibu. Tatu, mashine zisifukuze vitabu. Mashine ni kitu chema, lakini umeme ukikatika huwa sanduku tu, na kitabu husomeka mchana kweupe chini ya mwembe.

Nasi wananchi tunayo sehemu yetu. Haifai kulalamika kwamba hatuletewi elimu, na hali kitabu kilichoazimwa hakirudi, na sisi viongozi huonekana maktaba siku ya kukata utepe tu. Diwani asiyesoma hawezi kumwuliza mtafiti swali lolote la maana, na asiyeulizwa hatoi hesabu.

Mwaka 1950 hatukuwa na kauli juu ya kilichopakiwa katika mabehewa yale. Leo tunayo. Tukinyamaza, lawama itakuwa yetu wenyewe.