Ahsante Haijazi Kibaba



Leo nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye wewe na mimi tunamjua. Alikuwapo siku ya harusi ya binti yako. Alikuwapo siku kijiji kilipofungua kisima. Usiku wa msiba alikaa nawe mpaka alfajiri. Mtu huyo ni mwimbaji, yule anayetunga nyimbo zake mwenyewe na kuziimba mwenyewe.

Ukiuliza watu, "Fulani anafanya kazi gani?" watakujibu, "Hana kazi, anaimba tu." Mimi nasema jibu hilo si la haki. Kutunga na kuimba ni kazi, na mwenye kazi anastahili ujira wake. Kwanza nitakusimulia mwezi mmoja wa mwimbaji mmoja. Kisha tutapiga hesabu pamoja, halafu wewe mwenyewe utaamua.

Daftari la jirani yangu

Mwimbaji huyu ni jirani yangu. Tumepanga nyumba moja. Ukuta mmoja tu unatutenga. Ana umri wa miaka arobaini na ushei, ana mke na watoto watatu. Jina lake silitaji, kwa sababu mambo yaliyompata huwapata waimbaji wengi.

Yeye ni mwanafunzi wa darasa letu la jioni. Siku alipojiandikisha nilimwuliza, "Kaka, kwa nini unataka kusoma?" Akanijibu, "Mwalimu, nyimbo zangu zinapotea. Usiku nalala nao wimbo, asubuhi naamka haupo."

Sasa ana daftari. Ukurasa wa kulia anaandika maneno ya nyimbo. Ukurasa wa kushoto anaandika fedha zilizoingia na zilizotoka. Ameniruhusu nilisome na kukueleza yaliyomo. Mwezi wenyewe ulianza tarehe 10 Agosti ukaisha tarehe 8 Septemba.

Juma la kwanza. Kamati ya Siku ya Kisomo ilimwomba atunge wimbo wa kuwaita watu darasani. Hakukaa chini akaandika papo hapo. Asubuhi mbili alikwenda kusimama karibu na mizani, mahali wakulima wanapouzia mazao. Alitazama nani anasoma mizani na nani anasomewa. Alimwona mama mmoja akitoa gunia lake, akaambiwa kilo, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Jioni ile jirani yangu alianza wimbo. Saa kumi za usiku nilimsikia ukutani akirudia mstari mmoja, akiufuta, akianza tena. Siku kumi na moja za mwezi ule alizitumia kwa kutunga tu.

Ijumaa alipiga gitaa katika baa ya mjini, tangu saa mbili usiku mpaka saa saba. Malipo ni shilingi 20,000 kwa usiku mmoja. Ijumaa zote nne alikwenda.

Juma la pili. Aliimba harusini. Walipatana shilingi 150,000. Alikwenda na wenzake wawili, mmoja wa ngoma na mmoja wa gitaa la pili. Spika walikodi. Waliimba mpaka saa tisa usiku. Wageni walifurahi, wakamtuza shilingi 37,000. Kulipokucha mweka hazina wa harusi akasema fungu limekwisha. Akampa 100,000, na zile 50,000 akamwambia, "Tutaonana." Mpaka leo hawajaonana.

Juma la tatu. Nyuzi za gitaa zilikatika, akapanda basi kwenda kununua nyingine. Ndani ya basi redio ilikuwa ikipiga wimbo. Abiria mmoja akaufuata kwa mluzi. Wimbo ule ulikuwa wake. Miaka mingi nyuma, kabla hajajua kusoma, mtu mmoja mwenye studio alimpa shilingi 30,000 na karatasi ya kutia dole gumba. Alidhani ni stakabadhi ya fedha zile. Kumbe alikuwa ameuza wimbo moja kwa moja. Basi akakaa kimya akiusikiliza, kisha kondakta akamdai nauli.

Juma hilohilo tulifiwa mtaani. Aliimba usiku mbili bila malipo, wala hakutaka malipo. Hapo alifanya sawa. Msiba ni wa wote, na kila mtu hutoa alicho nacho: mwingine kuni, mwingine maji, yeye sauti.

Juma la nne. Alifanya mazoezi ya mwisho. Katika mwezi mzima alifanya mazoezi siku nane. Tarehe 8 Septemba akaimba wimbo wa mizani mbele ya mkutano. Watu waliutaka urudiwe mara tatu. Katika siku saba zilizofuata, watu kumi na wanne walikuja kujiandikisha darasani kwangu. Kati yao alikuwamo yule mama wa gunia.

Tupige hesabu

Chukua kalamu, ndugu msomaji.

Fedha zilizoingia:
Baa, Ijumaa nne: 80,000
Harusi: 100,000
Tuzo: 37,000
Jumla: 217,000

Fedha zilizotoka:
Wenzake wawili: 70,000
Kukodi spika: 40,000
Nauli: 26,000
Nyuzi za gitaa: 15,000
Vocha na betri: 6,000
Jumla: 157,000

Toa 157,000 katika 217,000. Zimebaki shilingi 60,000.

Sasa hesabu siku za kazi. Kutunga siku 11, mazoezi siku 8, baa siku 4, harusi siku 1, Siku ya Kisomo siku 1. Jumla siku 25. Siku za msiba sikuzitia. Gawa 60,000 kwa 25. Utapata shilingi 2,400 kwa siku. Mwite kibarua aje akupalilie shamba kutwa kwa shilingi 2,400. Atakucheka, na ana haki ya kukucheka.

Yalipo makosa yangu

Huenda umeona jambo katika hesabu ile. Siku ya Kisomo haimo katika fedha zilizoingia. Katika daftari lake, ukurasa wa kushoto, ameandika maneno mawili tu: "Kisomo – ahsante."

Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ile. Tulikaa kikao, tukapanga matumizi. Tuliandika fungu la viti. Tuliandika fungu la turubai, la spika, la chakula na la mafuta ya gari. Lilipofika jambo la wimbo, mjumbe mmoja alisema, "Huyo ni mwenzetu, ataimba tu." Sote tukaitikia, na mimi nikaitikia. Basi aliyeleta viti alilipwa, na aliyeleta wimbo aliambiwa ahsante. Lakini wale watu kumi na wanne hawakuletwa darasani na viti.

Nilipolisoma lile daftari niliona haya. Mimi ndimi niliyemfundisha kuandika, na maandishi yake yalinishitaki.

Zamani walihesabiwa wafanyakazi

Wako watakaosema, "Tangu lini mwimbaji akalipwa? Hayo ni mambo ya siku hizi." Si kweli.

Wakulima wa Usukumani wana ngoma ya jembe iitwayo bugobogobo. Walilima shamba la mtu kwa wimbo na ngoma, na mwenye shamba aliwalisha.

Baada ya Uhuru, bendi nyingi zilikuwa chini ya mashirika ya umma. Chama cha Wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake mwaka 1964. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na bendi. Polisi walikuwa na bendi. Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi kama wafanyakazi wengine. Hakuna aliyesema hawana kazi.

Mtazame pia Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Alikuwa binti wa wafinyanzi, akiuza vyungu kwa kutembeza. Sauti yake ilimfikisha Bombay mwaka 1928, akarekodi santuri za Kiswahili. Mwandishi Shaaban Robert aliona maisha yake yanafaa kuandikiwa kitabu, akakiandika.

Na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyezaliwa mwaka 1944, alifanya kazi hii mpaka mwisho. Alipiga gitaa na kutunga nyimbo katika bendi ya Morogoro Jazz, na mwaka 1973 akaunda bendi yake ya Super Volcano. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, hajatimiza miaka 35. Nyimbo zake zinapigwa mpaka leo. Je, mtu asiye na kazi huacha mali ya namna hiyo?

Wanaopinga wasemavyo

Wengine husema, "Lakini yeye anafurahia kuimba." Na fundi seremala mwema hufurahia randa yake. Je, kwa hiyo asilipwe mlango aliotutengenezea? Furaha ya kazi ni ya mfanyakazi. Haipunguzi bei ya unga dukani.

Wengine husema, "Waimbaji ni walevi na wahuni." Wako walevi miongoni mwa waimbaji, kama walivyo miongoni mwa wakulima na miongoni mwetu sisi watumishi. Mlevi aonywe kwa ulevi wake. Ujira wa mwenye kazi usizuiwe kwa kisingizio hicho. Tena tujiulize: kama hatumlipi harusini wala mkutanoni, na baa peke yake ndiyo inayomlipa kila Ijumaa, ni nani aliyempeleka baa?

Nifanye nini? Ufanye nini?

Wewe mwenye harusi au mjumbe wa kamati, patana na mwimbaji kabla ya siku. Andika bei kwenye karatasi. Lipa sehemu kwanza, na inayobaki ilipwe siku hiyohiyo. Kama huna fedha, sema mapema. Huenda akakubali debe la mpunga, au akakuimbia bure kwa hiari yake. Hiari ni jambo jema, lakini hiari huombwa, haichukuliwi tu.

Wewe mwimbaji, andika wimbo wako siku uliyoutunga, pamoja na tarehe na jina lako. Wimbo wa Malaika unajulikana duniani kote. Fadhili William wa Kenya aliurekodi miaka ya 1960, lakini wengine husema aliyeutunga ni Adam Salim. Ubishi ule haujaisha. Karatasi moja yenye tarehe ingalisaidia sana.

Tena usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi usiyoielewa. Kama maneno ni magumu, ipeleke kwa mwalimu au kwa mtu unayemwamini, uisome kwanza. Fahamu pia kwamba iko Sheria ya Hakimiliki, Namba 7 ya mwaka 1999. Sheria hiyo humlinda mtunzi maisha yake yote, na baada ya kufa kwake huwalinda warithi wake kwa miaka 50. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, huandikisha kazi za watunzi. Wimbo ni mali, kama shamba. Ukiuuza, ujue kwamba umeuuza.

Na mimi nimefanya nini? Katika kikao kilichofuata niliomba jambo la mwimbaji liandikwe katika ajenda. Halikupita kwa urahisi. Mjumbe mmoja alisema ninampendelea jirani yangu. Nikawasomea hesabu ile niliyokusomea wewe. Kamati ikakubali kumlipa shilingi 60,000 kwa sehemu mbili. Amekwisha kupokea 30,000. Zilizobaki zimeandikwa katika muhtasari wa kikao, nami nitaziulizia kila tunapokaa.

Nilipompelekea zile za kwanza, alizihesabu mara mbili. Kisha akafungua daftari ukurasa wa kushoto. Hakufuta neno "ahsante". Aliandika mbele yake: "na 30,000."

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini haba hiyo iwe ya kitu. Ahsante, hata ukiisema mara mia, haijazi kibaba. Tuseme ahsante, maana ni adabu yetu. Kisha tulipe.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mwimbaji alikwenda kusimama karibu na mizani kabla ya kutunga wimbo?
2. Kama mwenye harusi angelipa shilingi 50,000 zilizobaki, mwimbaji angebaki na shilingi ngapi? Zigawe kwa siku 25.
3. Mwandishi anasema msibani si lazima kulipa. Je, mnakubaliana naye? Toeni sababu.
4. Kijijini kwenu, ni kazi gani nyingine ambayo watu hulipa kwa ahsante peke yake?