Mbegu ya Mtama ni Amana ya Nyumba



Mpenzi msomaji, wahenga walituonya tusimwage mtama penye kuku wengi. Methali hiyo ingali midomoni mwetu, ilhali nafaka yenyewe imetoweka katika majiko mengi ya pwani, na mahali pake pamechukuliwa na unga wa mahindi wa pakiti. Mahindi ni mgeni aliyevuka bahari kutoka bara la Amerika. Mtama ni mzaliwa wa Afrika. Katika miaka ya 1860, baada ya Sultani Majid wa Zanzibar kuufufua mji wa Malindi, mashamba ya huko yalitoa mtama na ufuta mwingi, ukapakiwa majahazini kupelekwa Bara Arabu. Insafu yatutaka tukumbuke kwamba wengi wa walioyalima mashamba hayo walikuwa watumwa.

Mtama hupandwa masika yanapoanza, punje chache katika kila shimo, na miche ikichipua hupunguzwa. Baada ya palizi, kazi kubwa ni kuamia ndege. Punje zinapoanza kujaa, waamiaji hupanda juu ya dungu tangu alfajiri, mikononi wana makombeo na makopo ya kupiga. Ukame ukija, mmea huu hukunja majani na kutulia, kisha huendelea kukua mvua ikirejea. Ndiyo sababu mtama huweza kulisha nyumba katika mwaka ambao mahindi yamekauka. Tahadhari moja: mbuzi na ng'ombe wasilishwe miche michanga, kwani ina sumu iwezayo kuwaua.

Masuke yakikomaa hukatwa kwa kisu, huanikwa, hupurwa kwa fimbo na kupetwa kwa ungo. Hutwangwa kinuni ili kapi litoke, kisha husagwa. Unga wake hufanya sima, mikate, na uji wa tui la nazi ufaao sana kwa futari. Kapi ni chakula cha kuku. Mabua makavu ni kuni na ua wa kuzungushia nyumba.

Mavuno yana haki yake pia. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtama ni miongoni mwa nafaka zinazotolewa zaka, kwa kuwa ni chakula kikuu kinachowekeka. Kiwango chake ni wasaki tano, ambazo baadhi ya wanazuoni wa sasa wanazikadiria kuwa kilo 653 za nafaka iliyokwisha kusafishwa. Lililomea kwa mvua hutolewa sehemu moja katika kumi. Lililomwagiliwa kwa gharama, sehemu moja katika ishirini.

Lakini kabla ya sufuria kupanda mekoni, kuna jambo ambalo mabibi zetu hawakulipuuza: mbegu. Waliyachagua masuke makubwa yasiyo na kasoro yakiwa bado shambani, wakayafunga na kuyaning'iniza juu ya meko ili moshi uyakinge na fukusi. Mtama hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo mbegu iliyohifadhiwa huzaa mfano wa mama yake. Mbegu chotara za mahindi si hivyo. Anayezitegemea hana budi kurudi dukani kila msimu, na asipokuwa na fedha, mvua humpita mikono mitupu.

Basi, kina mama wenye hata kipande cha shamba, mavuno yajayo tengeni masuke ya mbegu kabla ya kupima ya kula. Mkijaaliwa ziada, mpeni jirani pishi moja, kwani mbegu iliyo katika nyumba mbili haipotei kwa msiba wa nyumba moja. Na binti zenu wachagueni nao shambani, wajue suke jema kwa macho na kwa mikono. Ujuzi huu haukuandikwa popote majumbani mwetu. Mwenye nao akiondoka bila kuurithisha, huondoka nao.

Wabillahi tawfiq.